Je, Ni Kweli Kizuri Chajiuza?



Katika barua zilizotufikia imo moja iliyotoka Mfaranyaki, katika mji wa Songea, ambayo tumeisoma mara mbili, kwa kuwa tumeiona ndani yake hali ya vijana wengi waliomo katika nyumba zetu. Mwenyewe atuomba tusimtaje jina, nasi twamstahi. Asema kwamba umri wake ni miaka 24. Kwamba tangu alipokuwa skuli alipenda kuandika na kupamba maandishi kwa brashi. Kwamba alijifunza hati ya Kiarabu kwa mwalimu wake wa chuoni, hata mwalimu akawa humpa mbao za msikitini aziandike. Na kwamba kwa muda wa miaka minne alijipatia riziki yake kwa kuandika majina ya maduka, ya vinyozi na ya migahawa. Sasa zimekuja mashine zichapazo mabango makubwa kwa muda mfupi, na wenye maduka wamemkimbia. Baba yake amwambia aache mchezo wa rangi, ashike jembe, au apande gari aende Dar es Salaam akatafute kazi ya mshahara. Rafiki zake wamshauri azichukue kazi zake akazionyeshe kwa walimu wa skuli na kwa wasimamizi wa misikiti. Naye hakuthubutu hata mara moja.

Sababu alizotoa ni mbili. Ya kwanza, auliza: yeye ni nani, kijana wa Mfaranyaki, hata ajipeleke mbele za watu? Ya pili, asema kwamba wazee wamekwisha kutufunza kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Basi kama kazi yake ingekuwa nzuri, ingalijiuza yenyewe.

Twapenda kuijibu barua hii hadharani, maana swali lililomo si la mtu mmoja. Ni la binti ashonaye kofia za mkono usiku kucha kisha azifungie sandukuni. Ni la mtunzi aliyejaza madaftari matatu ya mashairi ambayo hakuna aliyeyasikia ila mdogo wake. Ni la seremala ajuaye kuchonga milango ya nakshi, naye kila siku atengeneza viti vya kawaida kwa sababu hakuna aliyemwomba mlango. Wote hao wana kazi mikononi, na wote wangoja kuitwa.

Tuanze na hiyo methali. Methali ni ya kweli, lakini kila methali ina mahali pake. Mahali pa hii ni sokoni, ambako bidhaa nzuri na mbaya zimekwisha kutandazwa juu ya mkeka mbele ya macho ya wanunuzi. Hapo muhogo mzuri hauhitaji kupigiwa kelele. Lakini muhogo uliobaki shambani chini ya udongo, hata ukiwa mtamu namna gani, utajiuza kwa nani? Wazee wamemkanya mtu asikisifu kibaya. Hawakumkanya asikitoe nje kizuri. Wao hao ndio waliosema kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tena wakasema kwamba chanda chema huvikwa pete. Nasi twaongeza kwamba chanda hicho hakivikiki kikiwa kimefumbwa ndani ya ngumi.

Twajua kwamba Mwislamu aliyelelewa vizuri huona haya kujitangaza, kwa kuogopa riya na majivuno. Haya hiyo ni njema na hatutaki impotee. Lakini yafaa apambanue baina ya kujisifu nafsi na kuionyesha kazi. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipotolewa gerezani akasimama mbele ya mfalme wa Misri, mwenyewe ndiye aliyeomba awekwe juu ya hazina za nchi, akaeleza kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua. Habari hiyo imo katika Sura Yusuf, aya ya 55. Tazama kwamba alitaja sifa mbili tu, na zote mbili ni za kazi aliyoiomba. Hakusema kwamba yeye ni mwana wa Nabii, wala kwamba uso wake ni mzuri. Alisema ni jambo gani aliwezalo, katika saa ambayo nchi yalihitaji jambo hilo. Huo si ujivuni, bali ni amana. Maana mwenye kujua dawa akanyamaza karibu na mgonjwa hasifiwi kwa unyenyekevu wake.

Sasa tulitazame lile neno la kwanza, la kuuliza "mimi ni nani?" Hilo ni zito zaidi. Katika moyo wa fundi mna mashaka ya namna mbili, na asiyeyatenga hupotea. Shaka moja ni juu ya kazi: je, herufi hii imesimama sawa, je, mshono huu utadumu, je, beti hii ina vina kamili? Shaka hiyo ni mwalimu wa bure. Fundi asiyekuwa nayo huacha kujifunza, na mwaka wa kumi huwa pale pale alipokuwa mwaka wa kwanza. Shaka ya pili haitazami kazi kabisa, yamtazama mtu. Humwambia kwamba watu wa namna yake, wa mtaa wake, wenye elimu kama yake na nguo kama zake, hawakuumbiwa jambo hilo. Hiyo si shaka tena, bali ni wasiwasi. Dalili yake ni kwamba hata ukiisahihisha kazi yako mara mia, wenyewe haupungui, kwa kuwa haukuanzia katika kazi.

Dawa yake si kungoja mpaka hofu iishe. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipotumwa kwa Firauni hakuficha udhaifu wake. Katika Sura Taha twasoma kwamba aliomba akunjuliwe kifua, afunguliwe fundo la ulimi wake, na apewe msaidizi katika jamaa zake, nduguye Harun. Aliitaja ila yake kwa jina, akaomba msaada wa Mola wake, akatafuta mwenzi mwenye kile alichokosa, kisha akaenda. Mambo yote manne yamo katika uwezo wa kijana yeyote wa Songea: aijue ila yake, aombe, atafute mwenzi, aende. Wengi wetu hufanya la kwanza tu, wakalirudia maisha yao yote.

Pengine msomaji atasema: hao ni Mitume, nasi ni watu wadogo. Basi tumtaje mtu wa kawaida, tena aliyezaliwa katika mkoa huu huu wa Ruvuma. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, mwendo wa zaidi ya kilomita 250 kutoka Songea, katika nyumba ya wakulima maskini. Alitoka kwao akaenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Kisha akahamia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani kwa bwana mmoja wa Kiingereza, na baadaye kazi nyingine za kubahatisha. Hakupata kuingia chuo cha uchoraji. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36 au karibu na hapo, alianza kuchora picha.

Zingatia alianza na nini. Hakuwa na turubai wala rangi zinazotumiwa na wachoraji wa Ulaya. Alitwaa mbao nyembamba zinazotumiwa kwa dari za nyumba, akazikata ziwe za mraba, akazichora kwa rangi zile zile za kupakia baisikeli. Alichora tembo, ndege na chui kwa rangi kali zenye kung'aa, kwa namna ambayo haikuwa imeonekana. Wala hakukaa nazo nyumbani akingoja mwenye kizuri afuatwe. Picha zilipelekwa karibu na maduka ya Morogoro Stores, huko Oyster Bay, mahali walipopita wageni wenye fedha na wenye kupenda vitu vya namna hiyo, zikauzwa hapo chini ya mti. Kisha akawafunza jamaa na rafiki zake, wakawa wakifanya kazi pamoja naye.

Mwaka 1972 Bwana Tingatinga alipigwa risasi na askari wa polisi waliomdhania kuwa ni mhalifu anayekimbia, akafa. Kazi yake yote ya uchoraji ilidumu miaka minne tu. Lakini wanafunzi wake waliendelea, mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika, na leo jina la mtu yule wa Tunduru ni jina la namna nzima ya uchoraji, ijulikanayo mpaka Japani na nchi za Ulaya.

Tukimtaja mtu huyu katika ukurasa huu, hatuna haki ya kulipita jambo moja kimya kimya. Masheikh wetu wamesema mengi juu ya kuchora viumbe wenye roho, na wengi wamelikataza. Hatumleti hapa awe hoja katika mas-ala hayo. Twamleta kwa ajili ya jinsi alivyojifungulia mlango. Lakini kijana wetu mwenye brashi asidhani kwamba makatazo hayo yamemfungia njia. Katika Sahihi ya Bukhari imesimuliwa kwamba mtu mmoja ambaye riziki yake ilikuwa katika kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas, Mungu amwie radhi, akamweleza hali yake. Ibn Abbas alimpa onyo kali lililomgeuza yule mtu rangi ya uso. Lakini hakumwacha mikono mitupu, bali alimwelekeza kwenye kuchora miti na kila kisicho na roho. Hiyo ni hekima kubwa: alipomzuilia mlango mmoja alimwonyesha mwingine. Na mlango huo ni mpana. Ndani yake mna hati, nakshi, maua, majani, nyota na hesabu za maumbo, ambazo Waislamu wamepambia misikiti tangu Andalusia mpaka Samarkandi, na ambazo mafundi wa pwani yetu wamezichonga katika milango ya Lamu na Unguja.

Wapo pia wenye kalamu, nao wasidhani kwamba njia yao ilitandikwa mkeka. Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, alikuwa karani wa serikali tangu mwaka 1926, kwanza katika forodha, kisha katika idara ya wanyama, kisha katika ofisi za Tanga. Hakuacha ukarani ili awe mwandishi, wala hakuacha kuandika kwa kuwa alikuwa karani. Alipokosa mchapaji wa karibu, mashairi yake yalisafiri mpaka Johannesburg, Afrika ya Kusini, yakachapishwa huko. Alipofariki mwezi wa Juni mwaka 1962, baadhi ya vitabu vyake vilikuwa havijatoka: Kufikirika kilichapishwa mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Leo ni vigumu kumpata mwanafunzi wa Kiswahili asiyelijua jina lake.

Na kabla ya hapo, huko Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui aliona kwamba watu wake hawana gazeti la kuwazindua kwa lugha yao. Hakungoja atokee tajiri wa kuleta mitambo. Mwaka 1930 alianzisha karatasi ndogo aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Makala za ile karatasi ndogo baadaye zilikusanywa zikawa kitabu, Uwongozi, kinachosomwa mpaka leo. Basi karatasi moja ilitosha kuanzia.

Ukiwatazama watu hawa watatu, mchoraji, mtunzi na mwanachuoni, utaona kwamba hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa nafasi. Kila mmoja alitwaa kile kilichokuwa karibu na mkono wake, akakitengenezea kazi, akaipeleka kazi hiyo mahali ambapo watu wapo. Lakini yatupasa tuseme ukweli wote, tusije tukawadanganya vijana. Bwana Tingatinga hakuuona umashuhuri wake. Shaaban Robert hakuvishika mikononi vitabu vyake vilivyotoka baadaye. Anayetuuliza kama kipaji chake kitamfanya tajiri, jibu letu ni kwamba hatujui, wala hakuna ajuaye ila Mwenyezi Mungu. Tunalolijua ni kwamba kazi isiyoonekana haina ijara duniani, na kwamba mtu halaumiwi kwa matokeo, bali kwa juhudi aliyoiacha.

Sasa tumrudie kijana wetu kwa mambo ya kutenda, maana maneno mazuri hayajazi chungu.

Kwanza, asishindane na mashine katika lile ambalo mashine yaliweza zaidi. Mashine huchapa bango la plastiki upesi na kwa bei nafuu. Vita hivyo vimekwisha, na hakuna aibu. Lakini mashine haipandi ukuta wa skuli kuchora ramani ya Tanzania yenye mito na mikoa. Haiandiki alifu na be juu ya ubao wa chuo utakaodumu miaka kumi. Haipambi kibla cha msikiti wala fremu ya mlango wa nyumba ya arusi. Songea ni makao makuu ya mkoa, una skuli nyingi, vyuo vya Kurani katika mitaa, nyumba za wageni, na Makumbusho ya Majimaji ambayo watu huyazuru. Mahitaji yapo, yanalala kwa kuwa hakuna aliyeyaamsha.

Pili, afanye kazi moja ambayo hakuna aliyemwagiza. Achague chuo kimoja chenye ubao uliochakaa, aombe ruhusa kwa mwalimu, auandike upya kwa rangi zake mwenyewe, kwa uzuri wote aujuao, na pembeni aandike jina lake na namba yake ya simu kwa herufi ndogo. Hiyo ni sadaka kwa watoto, na wakati huo huo ni muhogo uliofukuliwa ukawekwa juu ya mkeka. Kila mzazi ajaye kumchukua mwanawe atauona. Lakini hisani hiyo iwe moja, au mbili, wala isiwe desturi; kwa maana mtu akizoea kutoa bure, watu nao huzoea kupokea bure.

Tatu, ajifunze kutaja bei yake. Vijana wengi wenye kazi za sanaa huona haya hapo, wakasema "utakachonipa," kisha wakarudi nyumbani na shukrani zisizonunua unga. Basi na ahesabu. Tuseme ubao ni shilingi 15,000, rangi ni shilingi 12,000, na kazi yachukua siku mbili. Ajiulize siku moja ya kibarua ni kiasi gani hapo Songea, aijumlishe mara mbili, aongeze na kidogo cha kununulia brashi zitakazochakaa. Hiyo ndiyo bei, naye aitaje bila ya kutetemeka. Achukue arubuni itoshayo kununulia vifaa kabla hajaanza, na mapatano yaandikwe, hata kwa mistari mitatu. Kurani yenyewe, katika Sura al-Baqara aya ya 282, imeamrisha deni la muda liandikwe; basi anayemwandikisha mwenziwe hamtuhumu, bali aulinda udugu wao.

Nne, asiende peke yake. Kama ulimi wake ni mzito mbele za watu, hapana shaka anaye ndugu au rafiki mwenye ulimi mwepesi. Mmoja awe wa brashi, mwingine wa maneno na hesabu, wagawane kwa mapatano. Tena wakiwa kikundi, njia nyingine hufunguka. Kwa mujibu wa sheria kila halmashauri hapa Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Nayo haina riba, jambo ambalo kwa Mwislamu si dogo. Mtu na aende ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata yake akaulize masharti, kuliko kukaa barazani akisema kwamba wenye fedha ni wengine. Na ambaye kazi yake ni ya kutungwa, iwe ni shairi, kitabu au nakshi, ajue kwamba ipo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na ofisi ya COSOTA ya kuisimamia. Akinyang'anywa si lazima alie peke yake. Mtunzi aliyejaza madaftari ajue pia kwamba tangu mwaka 2022 ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo hupokea miswada ya Kiswahili. Mswada uliomo sandukuni hauwezi kushinda wala kushindwa.

Tano, asilitupe jembe. Hapa twakubaliana na baba yake, ila si kwa sababu zile zile. Shaaban Robert alikuwa na ukarani wake, na hata Tingatinga alikuwa na kazi nyingine za riziki. Mahindi ya Songea hulimwa wakati wa mvua, tangu Novemba mpaka Aprili. Na baada ya mavuno huja miezi mikavu, ambapo fedha za mazao zimo mifukoni, nyumba zaezekwa na arusi zafungwa. Hiyo ndiyo miezi ya fundi. Basi alime wakati wa kulima, na wakati wa masika, jioni, atengeneze vielelezo vyake, ili jua likitoka asiwe anaanza kununua rangi. Mwenye chakula ghalani hazipunguzi bei zake kwa njaa.

Na je, aende Dar es Salaam? Ni mwendo wa karibu kilomita 1,000, na njia haikufungwa. Lakini asiende kwa kuikimbia hofu, maana hofu nayo itapanda gari lilo hilo na kukaa kiti cha pembeni yake. Asiyethubutu kumwonyesha kazi mwalimu wa chuo cha Mfaranyaki anayemjua tangu utotoni, atathubutuje kumwonyesha mgeni wa Kariakoo? Akiisha kujulikana kwao na akauona mji wake umekuwa mdogo kwa kazi zake, hapo na asafiri kwa radhi za wazee wake.

Twageukia sasa wazazi. Ndugu yetu baba wa kijana huyu, na kila baba aliye kama yeye, twakuheshimu, na twajua kwamba maneno yako yatoka katika huruma. Umeona ukame wa mifuko, hutaki mwanao aonje. Lakini twakusihi usikiite kipaji chake mchezo. Mtume wetu, rehema na amani ziwe juu yake, alipojiwa na mtu wa Ansari aliyeomba, alimwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na nguo moja na chombo cha kunywea maji. Mtume akavinadi vitu hivyo kwa dirhamu 2; moja ikanunua chakula cha watu wake, na moja ikanunua shoka, ambalo Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akamwambia aende akakate kuni, asimwone kwa muda wa siku 15. Mtu yule alirudi akiwa amepata dirhamu 10. Hadithi hii ameipokea Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik. Basi jambo la kwanza lilikuwa ni kutazama kilichopo nyumbani. La pili, mkubwa mwenyewe akaupachika mpini. Mwanao analo shoka. Linalokosekana ni mkono wako kwenye mpini: chumba kidogo cha kuwekea mbao, fedha ya kopo moja la rangi, au neno moja la kumjulisha kwa rafiki yako mwenye kujenga. Mpe msimu mmoja wa kiangazi, mkae pamoja mwishoni mhesabu. Hesabu ndiyo itakayowahukumu, si hasira wala ndoto.

Nanyi akina mama, msiwasahau mabinti. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alipotunga utenzi wake mwaka 1858, alimtungia binti yake mmoja, naye ni mgonjwa. Hakutafuta sifa za miji. Leo wasomi wa dunia wanausoma. Binti ashonaye kofia yafaa apewe saa zake zisizokatizwa, na bei ya kofia zake iwe mali yake.

Mtu hazaliwi akijua thamani ya mkono wake. Huijua kwa kuutumia mbele za watu, akasahihishwa, akalipwa, akarudia tena. Mara ya kwanza sauti itatetemeka. Mara ya pili itatetemeka kidogo. Mara ya kumi atakuwa anaona haya tu pale kazi inapokuwa mbaya, na hiyo ndiyo haya inayotakiwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awakunjulie vijana wetu vifua vyao, azibariki kazi za mikono yao, na awape wazazi wetu subira ya kuwangojea. Amin.